Mimba ya miezi saba kwenda mbele: mambo ya kuamua kabla uchungu haujaanza

Mwanamke wa Cimpunda, mtaa wa mlimani mjini Bukavu, anayeshikwa na uchungu saa nane za usiku ana vikwazo vitatu mbele yake, na hakuna hata kimoja kinachohusu nguvu zake za kuzaa. Kwanza, watu wa nyumbani wakubaliane kwamba saa ya kuondoka imefika. Pili, ashuke mlima gizani mpaka barabara ya gari, pengine katika tope, wakati wenye taximoto wamelala au wanaogopa kutoka. Tatu, akifika maternite amkute mtu aliye macho, mwenye dawa na vifaa mkononi. Wanaoshughulika na afya ya uzazi huyaita haya machelewo matatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Mama anapopotea kwa sababu ya uzazi, au anapompoteza mtoto aliyekuwa mzima jana yake, ukirudi nyuma mara nyingi utakuta moja kati ya hayo, na mara nyingine yote.

Ndiyo maana miezi mitatu ya mwisho si miezi ya kungoja tu. Nguo za mtoto zinapendeza kununua, lakini hata siku ya tatu baada ya kuzaa zinapatikana sokoni Kadutu. Swali la kupita njia gani, kwenda na nani, kwa pesa ipi, halitafutiwi jibu kati ya uchungu mmoja na mwingine.

Tarehe ya kuzaa

Sisi huhesabu miezi tisa. Wakunga huhesabu wiki 40, yaani siku 280, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hesabu yenyewe ni nyepesi: chukua siku hiyo, ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3. Hedhi ya mwisho ikiwa ilianza tarehe 10 Machi, mtoto anangojewa tarehe 17 Desemba. Inafaa kwa mwanamke anayepata hedhi kila baada ya siku 28 au karibu na hapo. Kwa mwenye mzunguko mrefu au usiotulia, na kwa aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha, itapotoka.

Tarehe hiyo si miadi. Karibu mtoto mmoja tu katika 20 huzaliwa siku hiyohiyo; wengi hutoka wakati wowote kati ya wiki ya 37 na ya 42, na hao wote wamekomaa au wako katika muda wao. Kinachosumbua ni fishi, ile karata ya mimba, yenye tarehe mbili au tatu. Mama alipigwa ekografia (picha ya tumbo kwa mashine) mwezi wa tatu, akapigwa nyingine mwezi wa nane, na kila moja imesema lake. Hapa kuna kanuni ambayo watu wengi hawaambiwi: ekografia ya mapema ndiyo ya kuaminiwa. Kabla ya wiki ya 24 watoto wote hukua karibu kwa mwendo mmoja, hivyo kipimo kinaonyesha umri. Mwezi wa nane kuna watoto wanene na wembamba, na mashine inaweza kukosea hata wiki tatu. Ekografia ya mwisho inasaidia kuona mtoto amelalaje, kondo liko wapi na maji yanatosha. Isitumike kubadilisha tarehe iliyowekwa mapema.

Kwa nini tunang'ang'ania jambo hili? Kwa sababu wiki ya 41 ikitimia na uchungu haujaja, mama anapaswa kwenda kuonwa ili hospitali ipange kuanzisha uchungu. Kondo lililopita muda wake hulisha mtoto vibaya. Aliyeandikiwa tarehe ya kusogezwa mbele ataendelea kungoja nyumbani akidhani bado yuko ndani ya siku zake.

CPN (kliniki ya mimba) si kupimwa tumbo tu

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonane na mtoa huduma mara 8 katika mimba, badala ya mara 4 za zamani. Tano kati ya hizo ziko mwishoni: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40. Zimesongamana huku kwa sababu mambo mabaya nayo husongamana huku, na la kwanza kati yake ni tansio, yaani shinikizo la damu.

Baada ya wiki ya 20, tansio ikifika 140/90 au zaidi, mkunga anatakiwa kupima albumini (protini) katika mkojo. Vyote viwili vikiwapo, mama ana ugonjwa unaoweza kugeuka kifafa cha mimba. Chanzo chake kiko kwenye kondo: mishipa ya damu haikufunguka vizuri pale lilipojishika, na taabu hiyo inasambaa mwilini mwote, kwenye figo, ini na ubongo. Ndiyo sababu dalili zake hazifanani na za mimba: kichwa kinachouma bila kusikia dawa, macho kuona nyota au ukungu, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba tangu asubuhi. Miguu kuvimba jioni ni kawaida. Uso uliovimba ukiamka si kawaida. Tansio ikifika 160/110 ni dharura ya saa hiyo, hata kama mama anajisikia mzima na anataka kurudi kupika.

Bukavu ina mtego wake hapa. Mama aliyepanda mlima kutoka Nyamugo na kukalishwa papo hapo kwenye kiti cha kupimia atatoa tansio ya juu. Akae kwanza dakika tano hadi kumi, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono umelazwa usawa wa moyo, kisha apimwe. Ikiwa bado juu, asubiri na apimwe tena. Lakini kipimo cha pili kikirudi vilevile, msisingizie mlima.

Malaria nayo. Mji uko kwenye mita kama 1,500 na watu hupenda kusema baridi inafukuza mbu. Mbu wapo, na mama mwenye mimba anaweza kuwa na vijidudu vimejificha kwenye kondo bila homa yoyote, vikimla damu na kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo. Kwa hiyo SP, ambayo wengi wanaiita Fansidar, hutolewa kama kinga kuanzia wiki ya 13: vidonge 3 kwa mara moja, vimezwe mbele ya muuguzi, kila mwezi mpaka kuzaa. Zikikosa kufika dozi tatu, kinga ni pungufu. Anayetumia Bactrim kila siku kwa sababu ya virusi vya ukimwi hapewi SP, maana dawa hizo ni za ukoo mmoja na zikikutana zinadhuru. Chandarua chenye dawa hutolewa CPN. Kilalwe, kisiwekwe kabatini kungojea mtoto.

Kidonge cha chuma na asidi foliki ndicho kinachoachwa kuliko vyote, kwa sababu kinaleta kichefuchefu, kinafunga tumbo na kufanya choo kiwe cheusi. Choo cheusi hakina neno. Kichefuchefu hupungua kikimezwa usiku baada ya chakula. Kinachokiharibu ni chai: ikinywewa pamoja nacho, chuma kingi hupita bila kuingia mwilini, basi acheni saa moja au mbili kati yao. Udongo wa kula unaouzwa sokoni unafanya hivyohivyo na kuongeza minyoo, na wanaoutamani zaidi mara nyingi ni wale ambao damu yao tayari imepungua. Sombe iliyopondwa na kuchemshwa vizuri, lengalenga, maharagi, ndagala, na sambaza wa ziwa wanaoliwa na mifupa yao, vyote vinasaidia, hasa vikikamuliwa limau. Havichukui nafasi ya kidonge. Hemoglobini inapaswa kuwa gramu 11 au zaidi kwa desilita. Ikishuka chini ya 7, mama akitoka damu kidogo tu wakati wa kuzaa anaweza kuanguka.

Mengine kwa ufupi. Hakikisheni fishi ina sindano za pepopunda: mbili, zikiachana wiki nne, ya pili iwe imechomwa wiki mbili au zaidi kabla ya kuzaa. Iwe na jibu la kaswende, la virusi vya ukimwi, na kundi la damu. Mwenye kundi hasi, mathalani O hasi, aulize mapema kuhusu sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake usipigane na damu ya watoto wa mimba zijazo. Mtoto akizaliwa na damu chanya, sindano hiyo inapaswa kuchomwa ndani ya saa 72, na si kila famasi inayo.

Mwili unaolemewa na mtoto anayecheza

Kiungulia, mgongo, misuli ya miguu inayokakamaa usiku, kukojoa kila saa, bawasiri: hayo yote huletwa na mfuko wa uzazi uliokua na homoni zilizolegeza viungo. Kula kidogo mara nyingi, usilale mara tu baada ya bugali ya jioni, nyosha kisigino misuli ikikaza. Kuanzia wiki ya 28 lala kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia. Ukilala chali, uzito wa tumbo unaminya mshipa mkubwa wa damu, na lishe ya mtoto inapungua. Ukizinduka na kujikuta chali, geuka tu, hakuna haja ya hofu.

Kucheza kwa mtoto kunataka maneno zaidi. Kila mtoto ana desturi yake: mwingine hucheza usiku, mwingine mama akimaliza kula. Kufikia wiki ya 28 mama anaijua, na kipimo ni hiyo desturi, wala si mtoto wa jirani. Akihisi imepungua, anywe kitu, alale kwa ubavu mahali palipotulia, aweke mkono tumboni na kuhesabu. Mtoto asipocheza mara kumi ndani ya saa mbili, aende kuonwa siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili. Kuna imani iliyoenea kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hupumzika. Si kweli. Nafasi inabana, kwa hiyo teke linageuka kuwa kujinyonganyonga, lakini idadi haishuki. Mtoto aliyenyamaza huenda anabana pumzi iliyobaki, na maternite inaweza kusikiliza moyo wake kwa dakika chache tu.

Kuzalia wapi

Kituo cha afya cha karibu kinaweza kuzalisha vizuri mimba isiyo na tatizo. Hakipasui, na kwa kawaida hakitii mtu damu. Hayo ni kazi ya hospitali ya rejea, na mpangilio wa afya wa Congo umejengwa hivyo: kituo kwanza, kisha barua ya kumpeleka mgonjwa mbele. Tatizo ni kwamba safari ya katikati inaweza kula saa ambazo mama hana. Kwa hiyo wale ambao tatizo lao linajulikana mapema waende moja kwa moja hospitalini: aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, ambaye mtoto katanguliza matako au kalala mkingamo wiki ya 36, mwenye tansio, mwenye upungufu mkubwa wa damu, aliyewahi kutoka damu nyingi au kupoteza mtoto wakati wa kuzaa, aliyezaa mara tano na zaidi, msichana ambaye hajatimiza miaka 18, mama mfupi sana chini ya mita moja na nusu, na mwenye ugonjwa wa seli mundu. Aliyetoka damu bila maumivu miezi ya mwisho pia ni wa hospitali, kwani kondo linaweza kuwa limekaa mlangoni. Huyo asiingizwe kidole na yeyote kabla ya ekografia.

Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana duniani kwa kuwatibu wanawake waliobakwa vitani. Wazo lake la mwanzo lilikuwa huduma kwa mama wanaozaa, na hadi leo inashona fistula, jeraha ambalo mara nyingi huanza hivi: kichwa cha mtoto kimekwama kwenye nyonga siku nzima au mbili, nyama iliyobanwa kati ya kichwa na mfupa inakosa damu na kufa, na siku chache baadaye mkojo unaanza kuchuruzika bila kukoma. Fistula ya aina hiyo haitokani na laana wala uzinzi. Inatokana na saa zilizopita bila upasuaji.

Usiku, mlima na pesa

Mpango ufungwe kabla ya wiki ya 36, kwa kuwa watoto wengine hawangoji.

Njia iende ikatembelewe. Mtu mmoja wa nyumbani apite mchana pale ambapo mama atapitishwa usiku, ahesabu dakika, aone daraja la mbao linaloteleza au ngazi za udongo zilizokatika mvua za Septemba hadi Mei. Nkafu na Nyakaliba kuna nyumba ambazo gari halizifikii kabisa. Huko vijana wanne na kipoyi au kiti imara chenye miti miwili ndio ambulansi ya kwanza, nao waambiwe mapema, kwa majina. Barabarani awepo dereva aliyekubali kuamshwa, na wa pili endapo wa kwanza simu yake imezimwa. Namba zao ziandikwe pia kwenye karatasi, maana betri huisha usiku uleule. Taximoto ni ya mwanzo wa uchungu tu. Uchungu ukishakuwa wa karibukaribu, mama hawezi kujishikilia kwenye mteremko wenye mashimo. Na tangu vita kuingia mjini Februari 2025, kutembea usiku kunataka hesabu zaidi: mwenye mtaa usiotulia, au aliye mbali, ni afadhali ahamie kwa shangazi au dada anayekaa karibu na maternite kuanzia wiki ya 38.

Pesa sasa. Nenda maternite uliyochagua ukaulize bei tatu: ya kuzaa kawaida, ya sezariene (kuzaa kwa kupasuliwa), na ya kitanda kwa siku. Uliza pia ni kiasi gani cha kutanguliza na kama glavu, serumu na uzi wa kushonea vimo ndani ya bei. Wengi huona haya kuuliza. Usione haya, kwani kuna mahali mama aliyejifungua salama huzuiliwa siku na siku na mtoto wake mpaka deni litoke. Mpango wa serikali wa kuzaa bila malipo ulianza Kinshasa Septemba 2023, ukaendelea kwa hatua hatua. Maternite yako ndiyo ikuambie kama unakuhusu. Mitueli ya afya, yaani bima ya kuchangiana, inasaidia sana, ila nyingi zina muda wa kungojea, hivyo anayejiandikisha mwezi wa nane amechelewa. Wenye likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu) wapange zamu ya mama iangukie mwezi kabla ya tarehe. Ukiweza, weka kando pesa za sezariene hata kama mtoto amelala vizuri, kisha ukizaa kawaida zitakufaa kwa chakula.

Tafuteni watu wawili wenye kundi la damu linalolingana na la mama, waliokubali kutoa. Na amueni nani anayetoa ruhusa ya kupasua. Bwana akiwa migodini, au safarini Uvira, simu haishiki na mama mkwe anasema tumngoje, dakika zinapita. Bwana aseme mbele ya wote, kabla ya safari: daktari akisema apasuliwe, apasuliwe. Kuna familia nyingi ambazo sentensi hiyo moja ingezifaa kuliko layeti nzima ya nguo za mtoto.

Mfuko uwe tayari mlangoni: fishi ya CPN na karata ya utambulisho ndani ya sasheti isiyoingiza maji, vikwembe vinne safi vilivyopigwa pasi, pamba za mama pakiti mbili, sabuni, besheni, ndoo ndogo, termosi, tochi, nguo mbili za mama zenye kufunguka mbele. Kwa mtoto, kofia mbili, soksi, nguo tatu nne, kushi (nepi), na blanketi. Usisahau sukari na unga wa uji kwa mtu atakayekulinda.

Uchungu wenyewe

Mwezi wa mwisho tumbo hukaza na kulegea bila mpango. Ukitembea au kuoga linatulia. Uchungu wa kweli hautulii: unakuja kwa kufuatana, unaongezeka nguvu, unaanzia mgongoni na kuzunguka mbele, na kila saa ikipita nafasi kati yake inafupika. Kwa mimba ya kwanza, ukija kila dakika tano na kushika karibu dakika nzima kwa muda wa saa moja, ondoka. Aliyekwisha zaa asingoje kipimo hicho, wala anayekaa mbali. Ute wenye damu kidogo ni ishara ya mlango kuanza kufunguka. Damu inayotiririka ni dharura.

Chupa ya maji ikipasuka, tazama saa na rangi. Maji meupe, hata bila uchungu, ni ya kwenda maternite bila kuchelewa, kwa sababu njia ya vijidudu imefunguka. Usiingize kitu chochote wala usilale na mume. Maji ya kijani au ya kahawia yanaonyesha mtoto amekunya ndani, nenda haraka. Ukiona kamba ya kitovu imetokeza, piga magoti, weka kifua chini na makalio juu, usiirudishe, na uchukuliwe hivyo, au umelala ubavu na nyonga zimeinuliwa kwa nguo. Mama akianza kutetemeka na kupoteza fahamu, alazwe ubavu, asiwekewe kijiko mdomoni, na safari ianze.

Sasa jambo linaloua kimyakimya: dawa za kuharakisha. Kuna mizizi inayochemshwa, na kuna sindano ya oksitosini inayochomwa mtaani na mtu wa famasi ili mtoto atoke upesi. Zote hukaza mfuko wa uzazi bila kipimo. Mfuko unabana kwa nguvu usiku mzima, mtoto hapati damu kati ya mikazo, na kama kichwa hakipiti, mfuko unapasuka. Aliyewahi kupasuliwa yuko hatarini zaidi. Kama mmeshakunywa kitu, mwambieni mkunga. Hakuna faida ya kumficha, kwa kuwa anaweza kuongeza dawa juu ya dawa.

Uvumilivu unahitajika, kwani mwanzo wa kufunguka hauna saa maalumu. Kuanzia sentimita 5 ndipo kazi inashika mwendo, na hata hapo mimba ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 12. Mama asiye na tatizo anaruhusiwa kutembea, kunywa chai yenye sukari, kula uji. Asisukume kabla ya kuambiwa njia imefunguka yote, sentimita 10, maana mlango utavimba na nguvu zitaisha. Wala mtu asimpandie tumboni kumsukuma mtoto. Tabia hiyo Shirika la Afya Duniani haliipendekezi. Kuwa na mtu anayempenda pembeni, dada, mama mzazi au bwana mwenyewe, kunapunguza hofu na kunasaidia uchungu uende vizuri. Maternite isiyoruhusu, uliza sababu siku ya CPN.

Mtoto akishatoka

Ndani ya dakika moja mama anapaswa kuchomwa oksitosini, yuniti 10, ili mfuko ujifunge na damu ikome. Hapa dawa hiyohiyo iliyokuwa sumu saa chache zilizopita ndiyo inayookoa, kwa sababu mtoto hayumo tena. Uliza mapema kama maternite inayo na inaihifadhi kwenye friji, kwani joto huiharibu na umeme wetu unajulikana. Baadaye, pamba mbili au tatu zikilowa ndani ya nusu saa, ita mtu kwa sauti. Mama na mtoto wakae maternite angalau saa 24.

Mtoto afutwe, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, avikwe kofia, afunikwe. Kitovu kingoje dakika moja hadi tatu kabla ya kukatwa, damu iliyobaki kwenye kondo ni yake. Anyonye ndani ya saa moja. Yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza hayatupwi. Ni machache kwa sababu tumbo lake ni dogo, na maji ya sukari yanamwibia nafasi. Kuogeshwa kungoje saa 24. Apate vitamini K, mafuta ya macho, chanjo ya BCG (ya kifua kikuu) na matone ya polio. Kitovu kibaki kikavu, bila majivu, bila dawa ya meno, bila mavi ya ng'ombe.

Baridi ya Bukavu ni adui wa kweli kwa mtoto wa kilo mbili. Wengi huwasha mbabula chumbani na kufunga dirisha. Makaa yanayowaka hutoa hewa isiyonuka wala kuonekana, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu, na familia hulala wasiamke. Mbabula ibaki nje. Joto la mtoto ni kifua cha mama, usiku na mchana, wakizungushiwa kikwembe kimoja. Baba, bibi au shangazi wanaweza kupokezana. Mtoto anayekataa titi, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mwenye mwili wa baridi au joto la kupita 37.5, au mwenye manjano yanayofika viganjani, arudishwe saa hiyohiyo. Mama naye akipata homa, kichwa kikali, au damu yenye harufu mbaya, arudi, maana kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kuzaa.

Kabla ya kutoka maternite, dai karatasi inayothibitisha kuzaliwa na usome kila herufi ya jina papo hapo, wakati aliyeandika bado yupo. Sheria ya Congo inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto katika ofisi ya hali ya raia ya komini, bure. Mtakwenda na karatasi hiyo na vitambulisho vya wazazi. Baada ya siku hizo jambo linapelekwa mahakamani, na huko kuna gharama na safari za kurudi kesho.